Kioo cha mita kimejaa mikwaruzo: jibu kwa mwenye Premio wa Dodoma

Swali nililoletewa ni hili: "Shikamoo fundi. Mwaka jana nilinunua Toyota Premio iliyotumika. Gari ni zima, kasoro yake ni kioo cha mita. Jioni nikirudi nyumbani, jua likiingia kwa dirisha la pembeni, kioo chote kinaonekana kimejaa mikwaruzo midogo kama nywele, hata mshale wa spidi siuoni vizuri. Usiku mikwaruzo hiyo wala haionekani. Kijana anayeniosheaga gari anasema nipake dawa ya meno. Jirani yangu anasema fundi rangi ana kampaundi inayoondoa kila kitu. Mwingine kaniambia nipitishe thina kidogo kwenye kitambaa, mara moja tu. Nimsikilize nani? Niko Dodoma, vumbi letu unalijua."

Marahaba mwanangu, na pole kwa vumbi. Nianze na la haraka, maana huenda kitambaa umeshakishika mkononi: usipitishe thina. Dawa ya meno na kampaundi tutazizungumza, kila moja ina ukweli wake kidogo, lakini thina haina mjadala. Nilipokuwa bado mchanga kwenye kazi hii ya dashibodi niliwahi kupewa mita ya gari la mteja iliyokuwa na gundi ya stika iliyokauka juu ya kioo. Nikachovya pamba kwenye thina, nikafuta, gundi ikatoka yote. Baada ya muda mfupi kioo kikaanza kutoa nyufa kwenye kona, nyembamba kama utando wa buibui, zikatembea hadi karibu na katikati. Nikigusa kwa kidole, juu palikuwa laini tu, kwa sababu nyufa zilikuwa ndani ya plastiki yenyewe. Nilimnunulia mteja kioo kingine kwa pesa yangu, na tangu siku hiyo chupa ya thina haikai kwenye meza ninayofungulia mita.

Kilichotokea ni hiki. Tunakiita kioo kwa mazoea, lakini ni plastiki angavu. Kiwandani plastiki iliyoyeyushwa husukumwa kwa nguvu ndani ya umbo la chuma, kisha hupoa haraka. Ikipoa hivyo, ndani yake hubaki mkazo uliofungiwa, hasa kwenye kona, kwenye vile vindoano vinavyoshika fremu, na mahali plastiki ilipoingilia. Kwa miaka mingi mkazo huo unakaa kimya. Ukiipaka kimiminika kinachoweza kupenya kati ya nyuzi za plastiki, mkazo unapata upenyo na plastiki inapasuka yenyewe bila kugongwa. Thina hufanya hivyo, petroli hufanya hivyo, asetoni ya kuondolea rangi ya kucha ndiyo mbaya kupita zote, na hata spiriti siiamini. Ongeza hapo zile sabuni za kupulizia madirisha zenye amonia. Kwenye kioo halisi cha mbele ya gari hazina neno, ila zisivuke kuja kwenye mita.

Plastiki zenyewe zinazotumika sana ni mbili. Ya kwanza ni akriliki, ndiyo inayotengenezewa vioo vingi vya mita, vifuniko vya saa ya dashibodi na vidirisha vya kuonyesha gia. Ya pili ni polikabonati, ambayo ni ngumu kuvunjika lakini uso wake ni laini zaidi, unakwaruzika upesi kuliko akriliki. Ndiyo maana taa za mbele za polikabonati hutoka kiwandani zikiwa zimepakwa ngozi ngumu juu. Ukitaka kujua ya kwako ni ipi huhitaji maabara. Kipande kikishafunguliwa, kigeuze utazame upande wa nyuma au pembeni. Mara nyingi utakuta herufi ndogo zimekandamizwa kati ya alama mbili za mishale: >PMMA< ni akriliki, >PC< ni polikabonati. Akriliki inang'arishika kwa raha sana. Polikabonati inakubali pia, ila inataka mkono mwepesi na muda mrefu zaidi, na kemikali inazichukia kuliko mwenzake.

Sasa mkwaruzo wenyewe ni nini, kwa sababu ukilielewa hili ushauri wa majirani utaupima mwenyewe. Mkwaruzo ni mfereji. Uso wa plastiki ukiwa tambarare, mwanga unapita au unarudi kwa mpangilio mmoja, macho yako yanaona namba zilizo nyuma. Penye mfereji, kuta zake zinautawanya mwanga kila upande, na wewe unaona mstari mweupe. Usiku mwanga unatoka nyuma ya mita kuja kwako moja kwa moja, mifereji haipati nafasi ya kung'aa. Jioni jua linakuja kwa pembeni, likikata uso kwa ulalo, na kila mfereji unawaka. Kwa hiyo ulichokiona ni sahihi kabisa, na ni dalili njema: mikwaruzo inayoonekana kwa jua la ulalo tu kwa kawaida ni ya juu juu.

Fanya jaribio hili leo jioni, halikugharimu kitu. Chukua kitambaa laini kilicholowa maji safi, kisikamuliwe hadi kukauka, kiweke juu ya sehemu yenye mikwaruzo kwa upole, kisha kiinue. Kabla maji hayajakauka, tazama. Maji yamejaza mifereji, na kwa kuwa maji hupindisha mwanga kwa kiasi kinachokaribiana na plastiki, mikwaruzo midogo hupotea machoni kabisa. Hivyo ndivyo kioo chako kitakavyokuwa kikishang'arishwa. Ukiona mistari michache imebaki hata chini ya maji, hiyo ndiyo ya kina. Ipitishie ukucha taratibu: ukucha ukinasa, polishi ya mkono peke yake haitaifikia.

Jaribio hilo hilo linakufunulia siri ya dawa nyingi za dukani. Ziko dawa zinazojaza na ziko dawa zinazopunguza. Zinazojaza zina nta au silikoni, zinakaa ndani ya mfereji kama yale maji, gari linapendeza siku chache, halafu joto na kitambaa vinaitoa, mikwaruzo inarudi palepale. Zinazopunguza zina punje ndogo sana za kusugulia. Hizo hazitoi mkwaruzo, kwa sababu mkwaruzo si kitu cha kutolewa, ni pengo. Zinachofanya ni kushusha uso wote unaouzunguka hadi ufikie sakafu ya mfereji. Maana yake kila ukisugua unapunguza plastiki, na kazi nzuri ni ile iliyopunguza kidogo kuliko zote na bado ikatimiza haja. Kioo cha mita kina unene wa milimita 2 hivi, na mkwaruzo wa kitambaa una kina cha maikromita chache tu, wakati unywele wa mtu una unene wa maikromita 70 hivi. Nafasi unayo, wala usiogope. Balaa huja pale mtu anaposugua sehemu moja kwa hasira hadi anachimba bonde, halafu namba ya 80 inaonekana imevimba kama inatazamwa kupitia chupa.

Turudi kwa washauri wako. Huyo wa dawa ya meno hajakudanganya kabisa. Dawa ya meno ina punje za kusugulia, aghalabu silika au chokaa laini, na mtu akisugua akriliki iliyofifia kwa dawa nyeupe ya kawaida, ataona imeng'aa kuliko mwanzo. Shida ni kwamba dawa hiyo ilitengenezwa kusugua jino, na ngozi ya jino ni ngumu kuliko plastiki hii kwa mbali. Ukubwa wa punje hauandikwi kwenye tyubu. Moja itakuachia uso safi, nyingine itafuta mikwaruzo 20 ya zamani na kukuachia ukungu wa mikwaruzo 1,000 mipya iliyo midogo zaidi. Zile za kung'arisha meno na zile zenye mkaa ndizo kali kupita zote. Sijawahi kuipaka kwenye mita ya mteja na sitaipaka. Kama unataka kuona kwa macho yako, jaribu kwenye kasha la CD la zamani, halafu litazame kwa tochi.

Kampaundi ya fundi rangi ni suala la ipi. Anayo ile nzito ya kukatia rangi baada ya msasa, yenye harufu ya mafuta ya taa. Hiyo punje zake ni kubwa na mafuta yake siyataki karibu na polikabonati. Anaweza pia kuwa na ile ya mwisho kabisa, nyepesi, ya kuondolea ukungu kwenye rangi nyeusi. Hiyo kwa akriliki inafanya kazi vizuri, mradi haina harufu kali ya kimiminika cha kuyeyushia. Ila chombo cha fundi rangi ni mashine ya kuzungusha, na hapo ndipo ninapokuomba usikubali. Akriliki huanza kulainika joto likikaribia nyuzi 100, na mashine ikikaa sehemu moja kwa sekunde chache uso unavutika kama ubani. Mkono wako hauwezi kutoa joto hilo. Kioo cha mita ni kidogo, hakihitaji mashine.

Ninayoitumia mimi ni polishi ya plastiki angavu, iliyotengenezwa kwa kazi hii. Novus huuzwa kwa namba: 1 ni ya kusafishia na kulinda, 2 ni ya mikwaruzo midogo, 3 ni ya mikwaruzo mikubwa. Kwa hali uliyoieleza, 2 inatosha, ikifuatiwa na 1. Meguiar's wana PlastX, nayo ni nzuri. Ukizikosa, nenda kwa fundi saa. Saa nyingi za zamani zina vioo vya akriliki, na mafundi saa huving'arisha kwa polishi ya tyubu ndogo kama Polywatch. Tyubu moja inakaribia kumaliza mita nzima yenye mikwaruzo midogo. Watu wengi hawafikirii kugonga mlango huo, ilhali fundi saa anaijua akriliki kuliko fundi magari yeyote.

Kabla ya kugusa polishi, hakikisha jambo moja: uso wa kioo chako unametameta au umefifishwa makusudi? Zima gari, washa tochi ya simu, iakisi kwenye kioo. Ukiona mviringo wa tochi uko wazi kama kwenye kioo cha kujitazamia, endelea. Ukiona mwanga umetawanyika kama kwenye karatasi, huo ni uso uliopunguzwa mng'aro ili jua lisikusumbue, na ukiusugua utatengeneza doa linalong'aa katikati ya uso uliofifia. Doa hilo halirudi nyuma. Hapo shauri langu ni kuishi na mikwaruzo au kubadilisha kipande. Na ikiwa gari lako lina zile mita za Toyota zinazoitwa Optitron, ambazo gari likizimwa zinakuwa nyeusi tii, ujue kioo chake mara nyingi kina rangi ya moshi na kila unywele unaonekana. Zinang'arishika, lakini zinadai subira maradufu.

Kazi yenyewe ifanye kivulini, asubuhi, gari likiwa limepoa. Dashibodi ya gari lililoachwa juani hupita nyuzi 70 kwa urahisi, polishi inakaukia juu kabla hujaisugua, na plastiki yenyewe inakuwa laini. Funika usukani na kiti kwa shuka. Zungushia tepu ya karatasi, ile ya mafundi rangi, kwenye ukingo wote wa kioo ili polishi isiingie kwenye nafasi ya fremu. Ikiingia huko hukauka ikawa unga mweupe utakaokukera mwaka mzima.

Sasa ondoa vumbi, na hapa ndipo watu wengi wanapoharibu kazi kabla hawajaianza. Vumbi lina punje za mchanga wa kwatzi. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs, ambacho almasi ni 10, kwatzi ni 7, na kioo halisi cha dirisha ni kama 5.5. Plastiki yako iko chini ya hapo kabisa. Ukikisugua kioo kikiwa na vumbi, kitambaa kimeshakuwa msasa. Anza na brashi laini ya rangi, mpya, isiyowahi kuona rangi: fagia ukielekeza nje. Kisha loweka kitambaa cha maikrofaiba kwenye maji yenye tone moja la sabuni ya vyombo, kilaze juu ya kioo dakika moja vumbi lililogandamana lilainike, halafu kiinue kwa kukikunja. Geuza upande msafi, rudia. Mwisho futa kwa maji matupu. Kama maji ya bomba lenu yana chumvi, tumia maji ya chupa. Chumvi ikikauka huacha alama ambayo utaichanganya na mkwaruzo. Kitambaa kisiwe kinachuruzika, kwa sababu chini ya kioo kuna saketi.

Chukua maikrofaiba nyingine, safi kabisa, uikunje juu ya kipande kidogo cha sifongo laini. Usisugue kwa ncha ya kidole iliyofunikwa kitambaa: kidole kinakandamiza sehemu ndogo na ndicho kinachochimba mabonde. Tia polishi kiasi cha punje mbili tatu za choroko. Anza kwenye kona ya chini ambayo hakuna namba, uone plastiki inapokeaje. Ikiitika, fanya eneo la ukubwa wa nusu ya kiganja kwa wakati mmoja. Sugua kwenda na kurudi, ukiukata mkwaruzo kwa msalaba na si kuufuata, maana ukiufuata unaulainisha kingo na kuurefusha. Baada ya dakika mbili badili mwelekeo. Nguvu ni ile unayotumia kufuta miwani, si ya kusugua sufuria. Polishi ikianza kukauka, ifute kabla haijawa unga, kisha tazama kwa tochi ya ulalo. Raundi ya kwanza utaona tofauti kidogo, usikate tamaa. Kwa kawaida ninakwenda raundi 4 au 5, na kwenye polikabonati hata 8. Kila raundi mbili ninageuza kitambaa, kwa kuwa plastiki iliyokwisha kutoka inabaki humo na inaanza kukwaruza upya.

Ukimaliza, futa kwa maji, kisha pitisha ile dawa ya kusafishia plastiki yenye kinga ya umeme tuli. Kusugua plastiki kunaipa chaji, na plastiki yenye chaji huvuta vumbi kama sumaku. Dodoma, siku moja tu, utadhani hukusafisha kitu. Usipokuwa na dawa hiyo, kitambaa chenye unyevu mdogo wa maji ya sabuni kikipitishwa mara ya mwisho bila kusuuzwa husaidia kiasi.

Ile mikwaruzo inayonasa ukucha ina njia yake, lakini hiyo si kazi ya kufanyia ndani ya gari. Inataka msasa wa maji, na maji hayana kazi juu ya mita yenye umeme. Jina lenyewe la msasa linatoka kwa mti wenye majani ya kukwaruza ambayo maseremala wetu walisugulia mbao kabla ya karatasi za dukani, na kanuni haijabadilika: ukali unashuka hatua kwa hatua. Anza na ule mlaini kuliko yote, namba 3000. Kama baada ya dakika tatu mkwaruzo haujasogea, shuka hadi 2500 iliyo kali zaidi, kisha 2000. Chini ya 2000 sishuki kwenye kioo cha mita, labda kiwe kimeshahukumiwa kutupwa. Punje za 2000 zina ukubwa wa maikromita 10 hivi, tayari zinaacha ukungu mweupe kama wa kioo cha bafuni. Ukungu huo unawatisha wengi, wanadhani wameharibu. Hapana, ndivyo unavyotakiwa kuwa: mkwaruzo mmoja mkubwa umegeuzwa mikwaruzo mingi midogo inayolingana. Suuza, panda 2500 ukisugua kwa mwelekeo mwingine, hadi mistari ya 2000 ipotee yote. Suuza, panda 3000. Ndipo polishi. Ukiruka hatua moja, utakesha na polishi mistari isitoke.

Ili kufika huko kioo lazima kitoke kwenye mita, na mita itoke kwenye dashibodi. Kama hujawahi, mpe fundi, na umsimamie kwa haya. Aondoe waya wa hasi wa betri kwanza, maana nyuma ya usukani kuna nyaya za mfuko wa hewa. Mita ikiwa nje, switchi isiwashwe. Mishale ya spidi na mafuta isiguswe hata kwa unyoya: ikisogezwa kwa nguvu itasoma uongo, na uso mweusi ulio nyuma yake unashika alama za vidole zisizotoka. Na kabla ya bisibisi ya kwanza kuingia, piga picha kilomita zilizoandikwa, kisha upige tena mita ikirudishwa. Biashara ya magari yaliyotumika imejaa mita zilizorudishwa nyuma, na siku ukiuza gari lako mnunuzi akiona skrubu zimeguswa atauliza. Picha mbili hizo, na risiti ya fundi, zitakusemea.

Ikifika mahali kioo kina nyufa za ndani kama zile za thina yangu, au kimechimbwa juu ya namba, usihangaike. Tafuta kipande kwenye spea za mtumba, Gerezani kule Dar au kwa wauzaji wa Dodoma wenyewe. Hapa naomba unisikilize vizuri: watakuuzia mita nzima, kwa sababu kuifungua wanaona kazi. Nunua, lakini hamisha kioo peke yake. Mita nzima ya gari jingine inakuja na kilomita za gari jingine, na kuanzia siku hiyo hutajua tena gari lako limekwenda kiasi gani, wala huduma ya mkanda na mafuta huipangi kwa namba ya kweli.

Umeniuliza mita tu, lakini najua ukishapata polishi utatazama na skrini ya redio, kwa hiyo nikuzuie mapema. Skrini za kugusa za magari haya ya Kijapani nyingi zina ngozi nyembamba ya plastiki juu, na mara nyingi imefifishwa makusudi kama nilivyoeleza. Polishi inaiua. Dawa yake ni stika angavu ya kulinda skrini, inayokatwa kwa kipimo kama ya simu. Gundi yake inaingia kwenye mikwaruzo midogo na kuijaza, sawasawa na yale maji ya jaribio la jioni, tofauti ni kwamba haikauki. Stika hiyo hiyo inaweza kukaa hata kwenye kioo cha mita kama ni bapa. Kama kimepinda pande mbili itatengeneza mapovu.

Kuhusu taa za mbele zilizogeuka njano, maana wengi wanadhani ni ugonjwa mmoja: zile zimeunguzwa na miale ya jua, na ukizisugua lazima uzipake kinga mpya, la sivyo zitarudi njano upesi. Kioo chako cha mita kiko nyuma ya kioo cha mbele chenye tabaka la plastiki katikati, ambalo huzuia karibu miale yote hiyo. Hakihitaji kinga yoyote ya kupaka.

Amebaki kijana wako wa kuosha gari, na sina shaka kwamba mikwaruzo hii ni ya kitambaa, kama si chake basi cha mwenzake aliyemtangulia. Wala simlaumu. Anapewa dakika 20 na kitambaa kimoja: kinaanza kwenye milango, kinapita kwenye rimu, kinaishia kwenye dashibodi kikiwa kikavu na kimejaa mchanga. Wengine humalizia kwa gazeti, jinsi tulivyofundishwa kusafisha madirisha ya nyumbani; karatasi ni ngumu mno kwa plastiki. Nunua maikrofaiba mbili na brashi moja, zikae kwenye mfuko wa nailoni ndani ya droo ya gari, zisiguse kitu kingine zaidi ya mita na skrini. Mwambie mita asiiguse, utaifanya mwenyewe, au mwonyeshe mara moja: brashi kwanza, kitambaa chenye unyevu baadaye, bila kukandamiza. Ile dawa ya kupulizia dashibodi ing'ae, aipulizie kwenye kitambaa, mbali na mita, kwa sababu silikoni yake ikitua kwenye kioo inanasa vumbi, na ukilifuta kesho tayari umeanza mikwaruzo mingine.

Fanya lile jaribio la maji kwanza, kabla hujatoa hata shilingi ya polishi.